Jiko la mkaa na kalenda ya korosho

Msikilizaji, anayeacha ofisi Nachingwea au Ruangwa akakaange chipsi na mihogo barabarani anabadilisha kalenda. Mshahara hutoka kila mwezi. Fedha ya wilaya hizi hutoka zaidi kwenye korosho. Minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI ikishaanza, kuanzia Oktoba, na mkulima akalipwa, wali kuku unaisha kabla ya saa nane mchana. Ikifika Machi, mteja yuleyule anaagiza chai na chapati moja, tena kwa mkopo. Mkaa haushuki bei kwa ajili yake, wala mafuta ya kula. Msimu wa 2018/2019, malipo ya korosho yalipochelewa, mama lishe nao waliumia.

Kwa anayehitaji mtaji, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ipo, ila wanawake na vijana huipata kwa vikundi. Aliyezoea meza yake peke yake atafute kwanza wenzake wa kuaminiana.

Nawaheshimu sana wanaothubutu. Ndiyo maana nasema barua ya kuacha kazi isiandikwe Februari. Iandikwe Agosti, akiba ya kuvuka masika ikiwa tayari imetengwa.