Wimbo wa morani na gitaa linalonguruma

Jumapili iliyopita nilikuwa nimejinyoosha nyumbani Kijenge, gazeti limenifunika uso, mara chumba cha uani kikaanza kunguruma. Haikuwa radi, maana mlima Meru siku hiyo ulionekana wote mpaka kileleni. Alikuwa ni mtoto wa kaka yangu na wenzake wawili, na gitaa la umeme na kompyuta. Mmoja anafoka kwa Kiswahili habari za kijiweni, mwingine anakwaruza nyuzi mpaka vikombe vinagongana kabatini. Mama watoto akaniuliza kama wale vijana wanaumwa.

Nikaenda nami kufoka, kwa maana ile ya zamani ya neno hilo. Nilipofika mlangoni nikasita. Chini ya ule mngurumo palikuwa na sauti ninazozijua: morani wa kwetu, juu kule Ngaramtoni, mmoja anaongoza na wenzake wanaitikia kwa koo zile nzito. Kijana aliwarekodi kwa simu kwenye sherehe ya rika, akakata kipande na kukibandika.

Sasa kabla hujamlaumu, nikueleze alikotoa wazo hilo. Kuchanganya kufoka na muziki wa metali si uchawi wa jana. Mwaka 1991 kundi la Public Enemy, weusi wa New York, lilirekodi upya wimbo wake Bring the Noise pamoja na Anthrax, wazungu wa metali wa hukohuko, kisha wakafanya ziara pamoja. Mwaka uliofuata, 1992, kundi la Rage Against the Machine la Los Angeles likatoa albamu yake ya kwanza, na hapo sisi Waafrika Mashariki tuna haki ya kutega sikio. Mpiga gitaa wake, Tom Morello, baba yake ni Ngethe Njoroge wa Kenya, ambaye miaka ya 1970 aliiwakilisha nchi yake mjini London kama balozi. Morello alilifanya gitaa lilie kama santuri inayosuguliwa na dijei, na kwenye jalada wakaandika kwamba humo hamna sauti iliyokatwa kutoka kazi ya mtu mwingine. Vyote vimepigwa kwa mikono yao. Kumbuka jambo hilo, nitalirudia.

Jirani zetu nao hawakulala. Nairobi lilitokea kundi la Duma, lililotoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, metali ikipigana mieleka na midundo ya kompyuta. Niliisikiliza kwa heshima zote. Baada ya nyimbo mbili niliomba maji.

Lakini kwa mtu wa Arusha, mwalimu wa mchanganyiko ni X Plastaz, kundi lililoanza hapa mjini katikati ya miaka ya 1990. Hawakugusa metali. Walichukua kufoka wakakuweka juu ya uimbaji wa Kimaasai, na mwaka 2004 kampuni ya Out Here Records ya Ujerumani ikatoa albamu yao, Maasai Hip Hop. Mmoja wao, Faza Nelly, tulimpoteza mwaka 2006. Kilichonivutia kwao ni kwamba yule Mmaasai hakuwa kipande cha kanda. Alikuwa Yamat ole Meipuko mwenyewe, mwanakundi kama wengine, kasimama jukwaani na rubega lake na kipaza sauti chake.

Na mchanganyiko huo ulishika kwa sababu ya maumbile ya wimbo wenyewe. Uimbaji wa Kimaasai hauna ngoma. Olaranyani anatangulia, na kundi linatengeneza mdundo kwa pumzi na koo, chini kabisa, wakati miili inapanda na kushuka. Mfokaji akiingia hapo anakuta nafasi imeshaandaliwa. Mwimbaji wa metali naye anangurumia kooni. Kwa hiyo kisikio kijana wangu hakukosea hata kidogo. Nilimwambia hivyo, akafurahi. Kisha nikamuuliza: wenyewe wanajua?

"Baba mdogo, ni sekunde ishirini tu."

Ndugu msikilizaji, Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu nzima juu ya sanaa za jadi. Lakini sikumpeleka kwenye sheria. Nilimpeleka Ngaramtoni, kwa daladala, kwa mzee ambaye ni laigwanani.

Kijana aliinamisha kichwa, mzee akamgusa utosini, tukapewa viti. Nikaeleza. Mzee akavaa kile kidude cha sikioni, sikio moja tu, la pili akaliacha kwa ajili ya ng'ombe. Akasikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Huyu anayekoroma katikati ni wa boma la nani?"

"Ni mimi, babu."

Mzee akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaomba kirudiwe kipande kile cha morani, na safari hii hakucheka. Katika zile sekunde ishirini, alisema, limetajwa jina la mtu ambaye sasa ni marehemu. Siku ya sherehe alikuwa hai, amesimama palepale akiimbiwa. Mama yake anakaa nyumba ya tatu kutoka hapo. "Unataka alisikie kwenye daladala?"

Kijana wangu hakuwa na jibu, na mimi niliyejiona mjuzi sikuwa nalo pia. Lugha ile naijua, wimbo naujua, na jina lilinipita.

Aliyeongoza wimbo siku ile yuko Dar es Salaam, analinda ghala usiku. Mzee akampigia simu mbele yetu. Waliongea Kimaasai kwa muda mrefu, habari za mvua na ndama kwanza, kisha ndiyo za muziki. Jibu likaja kwamba kile kipande kifutwe, na yeye atakapopata likizo atapita Kijenge kuimba mwenyewe, beti nyingine, na jina lake liandikwe.

Kijana alifuta tukiwa bado tumekaa pale kibarazani, mzee akitazama kidole chake. Mlinzi anatarajiwa mwezi ujao. Mama watoto ameshahamisha vikombe.