Kompyuta Yako Kwenye Uwanja wa Luano

Ndugu wasikilizaji wa Likasi, mnapokwenda Lubumbashi kupanda ndege pale Luano, kompyuta mpakato mnaibeba kwenye mfuko gani?

Chagua mfuko wenye chumba cha kompyuta peke yake, chenye zipu yake. Chumba peke yake! Penye ukaguzi, mfuko hupita kwenye mashine ya eksirei. Ndani ya kompyuta mna vyuma na betri. Kwenye picha inafunika vitu vilivyo nyuma yake. Ndiyo maana mkaguzi huweza kukuambia: itoe. Ikiwa umeizika chini ya nguo na waya, utafungua kila kitu mbele ya watu. Hapo ndipo kompyuta huanguka, au husahaulika mezani.

Mama, baba, kabla ya kulipa sokoni, ingiza kompyuta yako mwenyewe mfukoni. Ichomoe. Ikikwama, acha mfuko huo, hata ukiwa mzuri namna gani.

Wala usiiweke kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Betri ya lithiamu ikishika moto huko, ni vigumu kuizima. Pawabenki vilevile: panda nayo.

Leo jioni, toa waya na makaratasi. Chumba cha kompyuta, kompyuta tu.