Hadi Kidonge cha Mwisho

Katika Luka 10 twasifu mafuta na divai ya Msamaria. Twasahau kwamba alilala na mgonjwa katika nyumba ya wageni.

Huko Wajir, kaskazini ya Garissa, alikaa Mwitalia mmoja, Annalena Tonelli. Hakuwa daktari, alisomea sheria. Wala hakuwa wa dhehebu letu. Kifua kikuu kiliwaua wafugaji wa Kisomali. Mgonjwa akipata nafuu kidogo aliwafuata ngamia wake, dawa ikakatika, ugonjwa ukarudi. Basi mwaka 1976 ikaanzishwa manyatta ya wagonjwa: walikaa humo miezi sita, wakimeza dawa kila siku mbele ya macho ya mhudumu. Twakiri, sisi tungechoka wiki ya pili! Twamwombea mgonjwa Jumapili. Jumatano nani humtazama?

Februari 1984, baada ya mauaji ya Wagalla, alikwenda kuwaokota majeruhi na kuzika maiti. Mwaka 1985 ikambidi aondoke Kenya. Akaendelea na wagonjwa wale wale Somalia, hata akapigwa risasi Borama, Oktoba 2003, hospitalini, kati ya wagonjwa wake.

Tuombe. Bwana, uwakumbuke wanaomeza dawa usiku huu peke yao. Amina.