Tuutambue Mtopetope-mwitu

Wasikilizaji wetu, katika miombo ya Mpanda miti mingi hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na mgeni huiona yote kuwa sawa. Lakini mtoto alaye tunda la mti asioujua hujihatarisha. Basi leo na tuutambue mtopetope-mwitu.

Kwanza tutazame jani. Ni pana, na majani hupishana katika kitawi, hayakabiliani. Tukilifikicha, hunukia.

Pili, ua. Mvua zianzapo huonekana limeinama, lenye petali nene za manjano hafifu, na katikati stameni nyingi zimesongamana. Hiyo ni namna ya kale ya maua: jamaa za mti huu walikuwako tangu zama za mijusi wakubwa, na wadudu wauchavushao ni mbawakawa.

Tatu, tunda. Limefanywa kwa vifuko vingi vilivyoungana, ndiyo maana lina vinundu. Likiiva huwa la rangi ya chungwa. Twala nyama yake, lakini mbegu tuziteme, maana zina sumu.

Dalili moja haitoshi. Zikipatana zote tatu, ndipo tuchume.