Mimba ya Pacha Ijulikane Kabla ya Uchungu

Nimeagizwa nieleze uhai wa watoto pacha ukilinganishwa na wa waliozaliwa mmoja mmoja. Maana ya pacha, na maana ya njiti, aliyezaliwa kabla ya majuma 37 kutimia, sina haja ya kuzifafanua mbele ya wakunga na waganga.

Uchunguzi wa Christiaan Monden na Jeroen Smits, uliotoka mwaka 2017 kwa takwimu za nchi 30 za Afrika kusini mwa Sahara, ulidhihirisha kwamba tangu miaka ya 1995–2001 hata 2009–2014, vifo kabla ya umri wa miaka mitano kwa waliozaliwa peke yao vilishuka kutoka takriban 129 hadi 73 katika kila watoto 1,000, na vya pacha kutoka 328 hadi 213. Wote wamepata nafuu, walakini pacha amezidi kuachwa nyuma: hatari yake, iliyokuwa mara mbili na nusu ya aliyezaliwa peke yake, ilikaribia mara tatu kufikia 2009–2014.

Unjiti na uzito mdogo ndizo sababu zitajwazo aghalabu, nami sizikanushi. Linalonikosesha usingizi kwa miaka mingi ni mimba ya pacha kufika leba haijajulikana. Usiku mmoja, katika kituo nisichokitaja, mkunga aliyekuwa peke yake na wazazi watano alikwisha kumpokea Kulwa, pacha wa kwanza, akainua sindano ya kukaza mfuko wa uzazi kabla ya kulipapasa tumbo. Nilipoweka kiganja nikakuta kichwa cha Doto, pacha wa pili, kigumu, cha mviringo, juu ya kitovu. Lau sindano ingalitangulia, mfuko ungalimbana mtoto ndani. Nilipoifungua kadi ya kliniki, katika mahudhurio yote manne kimo cha mfuko kwa sentimita kilizidi majuma ya mimba, kimeandikwa kwa wino safi, wala hapana aliyeuliza kwa nini. Simtii taksirani mkunga yule, wala idara yoyote. Lakini kadi ile ilikwisha sema kwamba huenda ni pacha, nasi hatukuisoma, na jambo hili nimelieleza katika ripoti hata nimechoka kulieleza.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kila kimo kinachozidi umri wa mimba kiulizwe siku ile ile. Kwamba kipimo kimoja cha picha ya tumbo kabla ya majuma 24, ambacho Shirika la Afya Duniani limekipendekeza tangu 2016, kimfikie mama wa kijijini kadhalika. Kwamba mwenye mimba ya pacha ajifungulie penye chumba cha upasuaji na damu. Kwamba tumbo lipapaswe kabla ya sindano, kwa kila mzazi, bila ya kisingizio. Kwamba Kulwa na Doto waandikwe katika mistari miwili ya daftari, vifo vyao visipotee ndani ya hesabu ya jumla. Na, narudia, kwamba kimo kiulizwe. Na kwa kuwa kifua cha mama ni kimoja, na njiti wahitaji joto la ngozi kwa ngozi mchana na usiku, baba au bibi aruhusiwe kuingia wodini, afunguliwe vifungo vya shati au alegezwe kanga, akabidhiwe mmoja wao.