Jiko la Udongo na Safari ya Utafiti Tumizi

Utafiti tumizi, yaani utafiti unaolenga kutatua tatizo mahususi la watu badala ya kupanua elimu peke yake, hukamilika pale tu matokeo yake yanapoweza kutengenezwa, kuuzwa na kukarabatiwa na mafundi wa kawaida, na mfano ulio bora kuliko mingi katika Afrika Mashariki ni jiko la mkaa lenye udongo ndani, lililosanifiwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata jiko la Thailand. Jiko la bati tupu hupoteza joto kupitia kuta zake, ilhali kigae cha udongo uliochomwa, kikishikizwa kwenye bati kwa saruji iliyochanganywa na vermikulaiti (madini yasiyopitisha joto kwa urahisi), hulizuia joto lisitoroke na kulielekeza kwenye sufuria.

Hata hivyo, fizikia hiyo haikutosha. Miundo ya awali ilikuwa na kasoro, ikiwemo vigae kupasuka, na ni wapishi wenyewe, wengi wao wanawake, walioeleza kasoro hizo, hata umbo likabadilishwa likawa jembamba kiunoni na kigae kikabaki sehemu ya juu peke yake. Jambo hilo lastahili kusisitizwa, kwa kuwa bajeti nyingi za utafiti hutenga fedha za maabara na kumsahau mtumiaji. Baada ya hapo mafundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, waliligeuza jiko hilo kuwa biashara: wafinyanzi wakichoma vigae, wafuabati wakiunda maganda ya bati, na wachuuzi wakiyafikisha majiko sokoni.