Sahani ya Mama



Tumeombwa tuseme machache katika sherehe hii ya hekalu letu, nasi tumechagua jambo ambalo wanaume hupenda kuliacha jikoni: chakula na uzito wa akina mama wa makamo. Huenda mtu akauliza, mfanyabiashara ana lipi la kusema hapo? Analo. Mchele, sukari na mafuta ya mji huu hupita mikononi mwetu, na jioni ni sisi tunaoandaliwa sahani bila kumwuliza aliyeipika amekula nini.

Basi amekula nini? Asubuhi amekunywa chai ya maziwa akiwa amesimama. Adhuhuri amewapakulia wote, kisha akamaliza wali aliouacha mjukuu, kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi. Amejinyima mchana kutwa ili apungue, na usiku njaa imemshinda. Siku ya Ekadashi hakugusa nafaka, lakini viazi na njugu za kukaanga vilijaa sahani. Majirani zetu wanaoijua meza ya futari watatuelewa.

Zamani hapa Unguja kuambiwa "umenenepa" kulikuwa sifa, maana yake umetunzwa vizuri. Siku hizi neno lile lile husemwa arusini kwa kicheko, na mama hurudi nyumbani akiwa na uchungu ambao hamwambii mtu.

Wanaocheka hawajui mwili unavyofanya kazi. Mwanamke anapokaribia miaka 50 na hedhi kukoma, homoni ya estrojeni hupungua. Mafuta yaliyokuwa yakikaa nyongani huhamia tumboni, na misuli nayo hupungua kadiri umri unavyosogea. Anaweza kula kile kile alichokula akiwa na miaka 30, na bado akaongezeka. Huo si ulafi. Tena sisi wenye asili ya Bara Hindi tuna hatari ya ziada. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba kwa watu wa Asia hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza katika uzito mdogo zaidi. Wakaongeza kipimo cha 23 chini ya kile cha kawaida cha 25. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 155 hufika 23 akiwa na kilo 55 tu. Kwa hiyo yule tunayemwita mwembamba naye apimwe kiuno, na kikifika sentimita 80 akapimwe sukari na shinikizo la damu.

Wazee wetu waliotoka Kutch na Kathiawar walikula mkate wa uwele, mtindi uliozimuliwa kwa maji, na mboga. Darajani bado kuna mchicha, bamia, choroko na dengu. Mama apakue sahani yake mapema, akae, ale pamoja na wengine, na dengu zipewe nafasi ambayo leo imejaa wali. Kufunga ni ibada, kusigeuzwe adhabu ya mwili. Na anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kwanza.

Kila Januari 1 Zanzibar huadhimisha siku ya mazoezi. Ni jambo jema, ila mwaka una siku nyingine, na kutembea alfajiri kutoka Forodhani hadi Mnazi Mmoja hakuna kiingilio.

Lakini mama hawezi kupika vyungu viwili kila siku, kimoja chake na kimoja cha mume asiyetaka kubadili kitu. Hapa tunasema na wanaume wenzetu: mafuta yakipunguzwa, tule bila kununa.

Chakula cha leo kitaanza kwa dengu na mboga. Jalebi zipo mwisho wa meza. Anayezitaka achukue kwa furaha, na atakayepita bila kuchukua asiulizwe sababu. Akina mama wataketi katika zamu ya kwanza. Kupakua ni kazi yetu.